Mafunzo ya ulezi wa kitaaluma kwa wasimamizi na wanafunzi wa uzamivu Zanzibar: mwongozo kamili wa mratibu

Waratibu wa masomo ya uzamili wanaoomba msaada huja na kisa kile kile. Ukumbi ulijaa, mtoa mada alisifiwa, vyeti vikagaiwa. Miezi mitatu baadaye sura ya pili ya mwanafunzi bado imelala mezani kwa msimamizi, na mwanafunzi anaona haya kuuliza.

Kasoro iko kwenye mpangilio wa mafunzo yenyewe. Washiriki huelezwa sifa za mlezi mwema, yaani msimamizi anayemkuza mwanafunzi wake kitaaluma, kisha hurudi ofisini bila kukubaliana na mtu wao hata jambo moja: watakutana lini, nani atasoma nini kwa siku ngapi, jina la nani litatangulia kwenye makala. Mwongozo huu unapanga mambo kwa njia nyengine. Kila kipindi kinaelekea kwenye karatasi moja, yaani makubaliano ya maandishi kati ya msimamizi na mwanafunzi wake. Kipindi kisichoisaidia karatasi hiyo nimekiacha.

Nimeuandika kwa mratibu wa skuli ya chuo au taasisi, awe Tunguu, Chukwani, Buyu au Pemba, mwenye wasimamizi wachache, bajeti ndogo na wanafunzi ambao wengi wao ni waajiriwa wenye familia.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Jozi. Jozi nane hadi 12. Jozi ni msimamizi na mwanafunzi wake wa uzamivu, wote wawili wakiwapo. Zikizidi 12, wawezeshaji hawatoweza kupita kila meza.

Wawezeshaji wawili. Mmoja awe msimamizi mzoefu aliyekwisha kufikisha wanafunzi kwenye mahafali. Wa pili awe mtu aliyemaliza uzamivu wake karibuni na bado anakumbuka yaliyomsibu. Asiwe yeyote kati yao mkuu wa idara wa mshiriki. Mwanafunzi hatosema kitu mbele ya mtu anayesaini fomu yake ya maendeleo.

Vyumba viwili. Viwe karibu lakini sauti isivuke. Hili si la hiari, na sababu yake utaiona kwenye hatua ya tatu.

Muda. Saa nane, zigawanywe kwenye asubuhi mbili. Nimeshikilia saa nane kwa sababu kuna ushahidi wake. Jaribio lililofanywa Marekani kwenye vituo 16 vya kitaaluma vya tiba, na matokeo yake kuchapishwa 2014, lilihusisha jozi 283 za walezi na wanaolelewa. Walezi waliopangiwa kwa bahati nasibu kupata mafunzo ya saa nane yaliyojengwa juu ya visa vya kujadili waliongeza umahiri kuliko wenzao wasiopata. Mada zilikuwa sita: mawasiliano, kulinganisha matarajio, kupima uelewa, kuheshimu tofauti za watu, kumjengea mwanafunzi uwezo wa kujitegemea, na kumwendeleza kikazi. Mafunzo ya nusu siku hayatoshi kwa mada hizi, na ya wiki nzima hayapati wasimamizi.

Karatasi. Kanuni za masomo ya uzamili za chuo chako, nakala kwa kila mshiriki. Fomu ya ripoti ya maendeleo. Dodoso la kupima umahiri wa ulezi. Kiolezo cha makubaliano. Rasimu ya kurasa mbili kutoka kwa kila mwanafunzi, iliyoandikwa na yeye mwenyewe na ambayo bado haijasahihishwa. Karatasi kubwa za ubaoni na kalamu nene.

Fedha. Nauli ya boti na malazi kwa wanaovuka bahari, chai, chakula cha mchana, uchapishaji. Fedha zikiwa chache, acha mikoba na mabango ya picha. Nauli usiiguse, kwa sababu mwanafunzi wa Wete au Mkoani akikosekana, msimamizi wake aliyeko Unguja amekuja bure.

Tarehe. Epuka Ramadhani, wiki za mitihani na miezi ya kusi kali ikiwa una watu wa kuvuka. Jumanne na Jumatano ndizo siku nzuri. Ijumaa asubuhi hukatika mapema na kipindi cha mwisho, ambacho ndicho cha kusaini, kikaliwa na haraka.

## Hatua ya 1: Pima hali kabla, kwa siri

Wiki mbili kabla, tuma dodoso fupi kwa pande zote mbili, kila upande kivyake. Kipimo kinachotumika sana kimetoka Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, kina vipengele 26 na kinafuata mada sita nilizotaja. Msimamizi anajipima, mwanafunzi anampima msimamizi wake kwa vipengele vile vile. Kitafsiri kwa Kiswahili cha kawaida na umpe mtu mmoja ajaribu kukijibu kabla ya kukisambaza.

Ongeza maswali mawili ya wazi: "Jambo gani moja likibadilika kazi itakwenda?" na "Jambo gani hujawahi kumwambia mwenzako?"

Tahadhari. Taasisi zetu ni ndogo. Idara ikiwa na wanafunzi watatu wa uzamivu, ukisema "katika idara fulani mwanafunzi mmoja analalamika", umeshamtaja. Changanya majibu yote pamoja, toa wastani wa jumla, na yale ya wazi yaandike upya kwa maneno yako. Fomu zenyewe zikae na mwezeshaji, zisiende kwa mkuu wa idara hata akiziomba.

Umefanikiwa ikiwa una malalamiko matatu au manne yanayojirudia pande zote mbili. Mara nyingi mrejesho kuchelewa huwemo, na huwemo pia kwa wasimamizi: nao wanangoja rasimu zisizokuja.

## Hatua ya 2: Pata ahadi ya msimamizi mwenyewe

Barua itoke kwa mkuu wa skuli au mkurugenzi wa masomo ya uzamili, na iseme wazi kwamba nafasi haihamishiki. Msimamizi akimtuma mhadhiri msaidizi amwakilishe, jozi imekufa. Mpigie simu, mpe tarehe nyengine, au mwache hadi awamu ijayo. Eleza kwenye barua kwamba kila jozi itatoka na hati iliyosainiwa, ili mtu asije akashangaa siku ya pili.

## Hatua ya 3: Vyumba viwili, asubuhi ya kwanza

Baada ya dua na ukaribisho wa dakika chache, gawa watu. Wasimamizi chumba hiki, wanafunzi kile. Kaeni hivyo kwa saa moja na nusu.

Wapo wanaopinga mgawanyo huu kwa hoja kwamba unajenga matabaka. Tabaka lipo kabla hujafungua mlango. Hapa kwetu mwalimu ni mzazi. Mwanafunzi mwenye umri wa miaka 40, naye ni mwalimu mkuu na baba wa watoto wanne, akikaa mbele ya msimamizi wake hurudi kuwa mtoto: husema "ndiyo, Maalim" kwa jambo ambalo hakulielewa. Heshima hiyo ni mali, na sikusudii kuibomoa. Ninachotaka ni njia ya kulisema jambo bila mtu kuvunja adabu, na chumba peke yake kinaitoa njia hiyo.

Katika kila chumba, mwezeshaji anasoma maswali haya moja moja. Kila mtu anaandika jibu lake kwa dakika mbili kabla ya mtu yeyote kuzungumza:

- Rasimu ya sura moja inafaa kurudi na maoni baada ya siku ngapi?
- Nani anaitisha kikao, na kikiahirishwa nani anapanga kipya?
- Ujumbe wa simu unaruhusiwa hadi saa ngapi usiku?
- Mwanafunzi akikwama, akae na shida yake muda gani kabla ya kuuliza?
- Kazi zipi za msimamizi mwanafunzi anapaswa kuzifanya, na zipi si zake?
- Makala ya kwanza ikitoka, jina la nani litatangulia?
- Mnazungumza kwa lugha gani, na tasnifu inaandikwa kwa lugha gani?

Kusanya majibu bila majina, yaandike kwenye karatasi kubwa, kisha wawezeshaji wabadilishane vyumba wakiwa na karatasi. Wanafunzi wanasoma matarajio ya wasimamizi, wasimamizi wanasoma ya wanafunzi. Toa nusu saa ya mjadala.

Hapa ndipo mafunzo yanapoanza kufanya kazi. Msimamizi anaona kwa hati za mikono kwamba wanafunzi wanaogopa kumkumbusha. Wanafunzi wanaona kwamba wasimamizi wengi wanataka kukumbushwa, na kwamba kimya chao huchukuliwa kuwa uvivu. Mwezeshaji asitetee upande wowote wala asikimbilie suluhisho. Kazi yake ni kuuliza: "Nani kwenye chumba hiki ameshangazwa, na na nini?"

Swali la kazi zisizo za mwanafunzi lipe muda wake. Kusahihisha mitihani ya shahada ya kwanza kwa mpango unaojulikana ni mafunzo. Kukusanya data za mradi wa msimamizi bila malipo wala jina ni jambo jengine, na kumpeleka mtoto wa msimamizi hospitali au kumfuatilia fundi wake ni jengine kabisa. Wanafunzi wengi hawakatai kazi za namna hii. Wanachotaka ni kujua mpaka uko wapi.

Tahadhari. Mtu akianza kumtaja mwenzake kwa jina, mkatishe kwa upole. Malalamiko mazito, hasa ya unyanyasaji wa kijinsia au rushwa, hayajadiliwi chumbani. Mwezeshaji amchukue mhusika kando baada ya kipindi na amweleze njia rasmi za chuo. Uzijue njia hizo kabla ya siku yenyewe.

Umefanikiwa ikiwa kila chumba kinaweza kutaja mambo mawili ambayo hakikuwa kikiyajua kuhusu upande wa pili.

## Hatua ya 4: Zoezi la mrejesho kwa kurasa mbili

Sasa kutanisha jozi. Kila jozi ina meza yake na kurasa mbili za rasimu. Hili ndilo zoezi refu kuliko yote, saa mbili pamoja na mapumziko, na ndilo watu hutamani kulifupisha. Usikubali.

Utaratibu ni huu. Mwanafunzi kwanza anaandika maswali matatu anayotaka yajibiwe kuhusu rasimu yake. Msimamizi anasoma kimya kwa dakika 15, kalamu mkononi, kwa mpangilio maalumu: kwanza hoja, kisha ushahidi, na lugha mwisho. Haruhusiwi kugusa tahajia wala koma kabla hajaandika sentensi moja inayosema hoja ya mwanafunzi ni ipi.

Sababu ya amri hii ni kwamba kosa la lugha huonekana haraka na husahihishwa bila kufikiri sana. Mwanafunzi hurudishiwa kurasa zilizojaa wino mwekundu, akarekebisha zote, na hoja dhaifu ikabaki dhaifu vile vile hadi siku ya utetezi. Anayeandika kwa Kiingereza ilhali anafikiri kwa Kiswahili ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu msimamizi hafiki kamwe kwenye hoja.

Kisha wanazungumza kwa dakika 20, wakianza na maswali ya mwanafunzi. Waonyeshe mfano kabla hawajaanza. Wawezeshaji wawili wanaweza kuuigiza huu, wa mwanafunzi anayeandika kuhusu kilimo cha mwani Chwaka (bamvua ni siku ambazo maji hujaa na kutoka sana, maji mafu ni zile ambazo hayatoki sana):

"Maalim, suala langu la mwanzo: hoja yangu kwamba joto la maji ndilo linalouwa mwani, nimeithibitisha au nimeidai tu?"

"Umeidai, mwanangu. Vipimo vyako umechukua lini, maji ya bamvua au maji mafu?"

"Bamvua peke yake. Ndipo kinamama wanaposhuka mashambani, nikawa nafuatana nao."

"Sasa zile siku za maji mafu unazijuaje?"

"Sizijui."

"Na waliouacha mwani, wote waliuacha kwa sababu ya kufa? Bei uliwauliza?"

"Sikuwauliza. Nilichukulia kuwa ni joto."

"Basi niambie utafanya nini kabla ya kikao chetu kijacho."

"Nitaweka kipima joto kinachojirekodi mwezi mzima, bamvua na maji mafu. Na nitaongeza swali la bei kwenye dodoso."

Wasimamisheni hapo na mwaulize washiriki wameona nini. Msimamizi hakumwambia mwanafunzi la kufanya. Aliuliza mpaka pengo likaonekana, na mwanafunzi akaliziba kwa maneno yake mwenyewe. Adabu haikupotea: "Maalim" na "mwanangu" zimo, na maswali ni makali vile vile. Kile kipande cha mwisho, cha mwanafunzi kueleza atakachofanya, ndicho kipimo cha uelewa. "Umeelewa?" hujibiwa "ndiyo" kila mara, kwa hiyo swali hilo lipigeni marufuku kwa saa mbili hizi.

Baada ya zoezi, mwanafunzi anaandika muhtasari wa mistari mitano: tumekubaliana nini, nani atafanya, lini. Anamsomea msimamizi. Ikiwa msimamizi anashangaa anachosikia, warudie.

Tahadhari. Msimamizi mwenye majukumu mengi atajaribu kusoma huku simu inalia. Weka kikapu cha simu mlangoni kwa kipindi hiki.

Umefanikiwa ikiwa muhtasari wa mwanafunzi na kumbukumbu za msimamizi zinataja mambo yale yale. Pita mezani ulinganishe.

## Hatua ya 5: Majina kwenye makala

Siku ya pili anza na hili, watu wakiwa na akili mpya, kwa kuwa ugomvi wa majina huharibu uhusiano uliochukua miaka kujengwa. Litatuliwe kabla makala haijaandikwa, wakati hakuna cha kugombania.

Tumia kisa. Mwanafunzi anatafiti kichocho Pemba. Amebuni swali la utafiti na kukusanya sampuli za mkojo maskulini. Fundi wa maabara amehesabu mayai kwa darubini na kutengeneza njia bora ya kuchuja. Msimamizi amesaidia kuunda mbinu na kusahihisha rasimu mara kadhaa. Mkuu wa kitengo ametoa gari. Sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, amepita nyumba kwa nyumba kuwaeleza wazee. Nani ni mwandishi?

Acha jozi zijadili, kisha weka mezani masharti manne ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Mwandishi ni yule ambaye amechangia kwa kiasi kikubwa wazo, data au uchambuzi. Ameandika au kuhakiki rasimu kwa kina. Ameidhinisha toleo la mwisho. Na amekubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Yote manne kwa pamoja.

Kwa masharti hayo mwanafunzi na msimamizi wanaingia. Gari halimwingizi mkuu wa kitengo, ila anatajwa kwenye shukurani, na sheha vile vile. Fundi wa maabara ndiye anayeleta mjadala: mchango wake ni mkubwa, kwa hiyo ni haki apewe nafasi ya kushiriki kuandika na kuhakiki. Kumwacha nje kwa sababu hana shahada kubwa, kisha kusema hakushiriki kuandika, ni dhulma. Liseme hivyo hivyo.

Upo pia mfumo unaogawa michango katika aina 14, kuanzia wazo na mbinu hadi uchambuzi, usimamizi na uandishi. Unafaa sana kwa jozi za sayansi: wachukue orodha, kila mmoja atie alama. Jozi za Kiswahili, historia na sheria usiwalazimishe. Kwao makala ya jina moja ni desturi halali, na msimamizi kutojiingiza kwenye makala ya mwanafunzi wake ni jambo la kawaida.

Malizia kwa dakika kumi za majarida ya kitapeli, yanayoahidi kuchapisha kwa siku chache baada ya malipo. Kanuni ya kuwapa ni moja: mwanafunzi hatumi makala popote kabla msimamizi hajafungua tovuti ya jarida na kusoma angalau makala mbili zilizochapishwa humo.

## Hatua ya 6: Andikeni makubaliano

Kila kilichotangulia kilikuwa maandalizi ya saa hii moja na nusu. Jozi inakaa na kiolezo, kalamu, na yale majibu ya siku ya kwanza. Kiolezo kisizidi kurasa mbili. Vifungu vyake viwe vya namna hii, kwa tarakimu na siku, visiwe vya sifa:

> Tutakutana kila baada ya wiki mbili kwa dakika 45, Jumatatu saa 4 asubuhi, ofisini. Mwezi mmoja katika miwili kikao kitakuwa kwa simu ya picha, kwa kuwa mwanafunzi yuko Pemba.
>
> Mwanafunzi atatuma rasimu siku saba kabla ya kikao. Rasimu isiyotumwa kwa wakati haitajadiliwa, lakini kikao kitafanyika.
>
> Sura nzima itarudi na maoni ndani ya siku 21. Zikipita, mwanafunzi atakumbusha kwa maandishi mara mbili, kisha atamjulisha mratibu. Kumjulisha mratibu si utovu wa adabu. Tumekubaliana hivyo sote wawili.

Kifungu hicho cha tatu ndicho cha thamani kuliko vyote. Kinampa mwanafunzi ruhusa iliyosainiwa na mwalimu wake mwenyewe. Asipoitumia hata mara moja, bado inamfanya alale vizuri.

Yapo mambo ya hapa kwetu ambayo violezo vya nje havinayo. Hakikisha kila jozi imeyagusa:

Ajira. Mwanafunzi aliye mwalimu au mtumishi wa wizara ana ruhusa ya mwajiri? Ya saa ngapi kwa wiki? Ratiba ya vikao ifuate ruhusa hiyo.

Ramadhani. Vikao vipungue au vihamie asubuhi. Andikeni sasa.

Uzazi na eda. Mwanamke aliyefiwa na mume atakaa eda miezi minne na siku kumi. Makubaliano yaseme kazi itasimama au itaendelea kwa njia ipi, na mratibu aeleze kanuni za chuo kuhusu kusitisha masomo kwa muda. Likiandikwa kabla, mwanamke halazimiki kuomba akiwa kwenye msiba.

Mahali pa kukutana. Vikao vifanyike ofisini au maktaba, saa za kazi, mlango wazi. Nyumbani kwa msimamizi, hapana. Hili linawalinda wote wawili, na liandikwe kwa kila jozi bila kujali ni mwanamume na mwanamke au la, ili asionekane mtu yeyote anashukiwa.

Vibali. Nani anafuatilia idhini ya kamati ya maadili na kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na barua za kwenda kwa masheha? Mwanafunzi anaandaa, msimamizi anasaini ndani ya siku ngapi? Miezi mingi hupotelea hapa.

Msimamizi akisafiri. Akienda hija, masomoni au akihamishwa, nani anashika? Jina liandikwe, na mwenye jina aulizwe.

Makubaliano yawe na muda wa miezi sita, kisha yapitiwe upya. Nakala tatu: msimamizi, mwanafunzi, mratibu. Hayachukui nafasi ya kanuni za chuo. Kifungu kinachogongana na kanuni kifutwe, na ndiyo maana kila mtu ana nakala ya kanuni mezani.

Tahadhari. Angalia nani ameshika kalamu. Ikiwa msimamizi anaandika na mwanafunzi anatikisa kichwa, mwombe mwanafunzi aandike vifungu vitatu vinavyofuata.

Umefanikiwa ikiwa mtu wa tatu asiyeijua jozi hiyo anaweza kusoma hati na kusema, kwa tarehe, kama inafuatwa au haifuatwi. "Tutawasiliana mara kwa mara" imeshindwa mtihani huu.

## Hatua ya 7: Mpango binafsi wa mwanafunzi

Dakika 40 zinatosha. Mwanafunzi anaandika anataka kuwa wapi baada ya uzamivu, ujuzi gani anaukosa, na mambo matatu atakayoyafanya mwaka huu: kozi ya takwimu, kuwasilisha mada kwenye kongamano, kufundisha kipindi. Msimamizi anaandika jambo moja atakalosaidia, na liwe dogo la kutekelezeka, kama kumtambulisha kwa mtafiti fulani. Karatasi inaambatishwa na makubaliano.

## Hatua ya 8: Ufuatiliaji wa miezi sita

Vyeti visitolewe siku ya pili. Vitolewe mwezi wa sita baada ya mafunzo, kwa jozi zilizorudi na makubaliano yaliyopitiwa upya. Utapata manung'uniko, na utapata mahudhurio.

Mwezi wa kwanza baada ya mafunzo, piga simu kwa kila mtu peke yake. Swali ni moja: "Vikao vingapi vilipangwa na vingapi vimefanyika?" Mwezi wa tatu, kutanisha wanafunzi kwa saa moja na wasimamizi kwa saa nyengine, vyumba tofauti kama mwanzo. Mwezi wa sita, rudisha dodoso lile lile la hatua ya kwanza.

Kwenye kusoma matokeo ya dodoso kuwa makini. Msimamizi aliyejipa alama za juu kabla ya mafunzo huenda akajipa za chini baadaye, kwa sababu sasa anajua kusikiliza ni nini. Ukilinganisha namba hizo mbili utadhani amerudi nyuma. Kwa hiyo mwezi wa sita muulize mara mbili kwa kila kipengele: ulikuwa wapi kabla ya mafunzo, kwa unavyoona sasa, na uko wapi leo? Alama za wanafunzi ziweke pembeni mwake. Zikitofautiana sana na za wasimamizi, amini zaidi za wanafunzi.

Hesabu pia mambo yasiyotegemea maoni: wastani wa siku za mrejesho, idadi ya vikao, ripoti za maendeleo zilizowasilishwa kwa wakati, rasimu zilizokamilika. Takwimu hizo ndizo zitakazomshawishi makamu mkuu wa chuo kutoa fedha za awamu ya pili.

Itatokea jozi ambayo haikwenda. Vikao havikufanyika, makubaliano yako droo moja na hakuna anayejua ni ipi. Kaa na kila mmoja kivyake, kisha pamoja, mkiwa na hati mezani, mpitie kifungu kwa kifungu. Mara nyengine ni kifungu kimoja tu hakitekelezeki: wiki mbili ziwe tatu, na kazi ikaanza. Ikiwa tatizo ni watu wenyewe, mratibu aandae mabadiliko ya msimamizi kwa kufuata kanuni, mapema, mwanafunzi akiwa bado na muda wa masomo. Sababu itakayoandikwa kwenye barua iwe ya kitaaluma, kama vile mada kuhitaji utaalamu mwengine, ili mwanafunzi na mwalimu wake waweze kusalimiana wakikutana Darajani.

Kutoka kwenye jozi zilizofanikiwa, chagua msimamizi mmoja na mwanafunzi mmoja wawe wawezeshaji wa awamu ijayo, na uwape mafaili ya karatasi za hatua ya tatu, bila majina, wasome kabla ya kuanza kupanga.